Majenerali Mia Sita na Mbuzi Mmoja

Nchi ninayoisimulia hapa jina lake silitaji. Simwogopi mtu; ni kwamba nchi yenyewe ilikuwa na majina mengi ya heshima, na kuyataja yote kungetumalizia wino kabla hatujafika vitani. Msomaji akiona inafanana na nchi fulani anayoijua, basi hayo ni macho yake, na macho hayana pazia.

Itoshe kusema ilikuwa na milima juu na bonde chini. Milimani waliishi Wabanju, bondeni wakaishi Wasero, na katikati palipita kijito chembamba. Wabanju na Wasero ni watani tangu enzi ambazo hata mababu walizikuta. Mbanju akikutana na Msero sokoni humwita mtumwa wake na kumnyang'anya kofia. Msero naye humwambia Mbanju arudi mlimani akanyolewe na nyani. Kisha hukaa wakala sahani moja. Na Mbanju akifa, Msero ndiye huja kuchimba kaburi, kuigiza mwendo wa marehemu na kumsema maiti mpaka wafiwa wacheke. Bila hivyo msiba hauishi, matanga hayaanuliki.

Mipawa alikuwa Mbanju, na alikuwa jeshi. Sijakosea, sikusema alikuwa jeshini. Alikuwa jeshi la Serikali, lote, ukiwatoa majenerali. Lakini ili ujue mambo yalifikaje huko, lazima kwanza nikueleze vita vilianzaje, na vita vilianza kwa mbuzi.

*

Mama mzazi wa Rais Tulinge alipofariki, nchi nzima ilikwenda kuzika. Alikwenda pia Mzee Galahenga, Msero wa bondeni, mtani mkubwa wa familia ile, na akafanya lililompasa. Kabla maiti hajateremshwa aliruka kaburini, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani, akasema hatoki mpaka apewe mbuzi.

"Mama huyu aliwahi kuninyima mchuzi!" alipaza sauti kutoka shimoni. "Leo tutaelewana hapa hapa. Mbuzi, la sivyo mnizike mimi, yeye arudi nyumbani akapike!"

Waombolezaji wakacheka. Rais naye alikuwa amekwisha kufungua kinywa acheke.

Kwa bahati mbaya pembeni yake alisimama Dakta Fungameza, Mshauri Mkuu wa Usalama, aliyesoma miaka mingi ughaibuni, katika nchi ambako watu huzikana kwa kunong'ona. Dakta akamwinamia Rais sikioni, akamweleza kwamba mtu mwenye asili ya bondeni ameteka sehemu ya ardhi ya Jamhuri, amejichimbia handakini, na sasa anatoa masharti. Rais akafunga kinywa. Mzee Galahenga akatolewa kaburini kwa mtutu wa bunduki, mama wa Rais akafukiwa kimyakimya, na jioni redio ikatangaza kwamba jaribio la mapinduzi limezimwa.

Wasero wakamtorosha mzee wao rumande, wakaunda jeshi. Serikali nayo ikakumbuka kwamba ina jeshi. Sasa ulikuwa mwaka wa nne wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kwa muda wote huo Rais hakuwahi kuanua matanga ya mama yake, maana aliyepaswa kuyaanua alikuwa kiongozi wa waasi.

*

Mwanzoni majeshi yote mawili yalikuwa na askari. Kilichowamaliza ni mazungumzo ya amani. Usidhani walikufa, Mungu apishe mbali. Walipandishwa vyeo.

Kamati ya Majirani Wema, iliyokuja kusuluhisha, iliweka kanuni kwamba kila afisa aketi mezani akitazamana na afisa wa cheo sawa na chake. Serikali ikapeleka kanali. Waasi waliona aibu kupeleka kapteni, wakampandisha akawa brigedia. Serikali ikasema haiwezi kudharauliwa, ikampandisha kanali wake akawa meja jenerali, pamoja na dereva wake ili asione upweke mezani. Waasi wakapandisha kumi kwa mpigo. Serikali ikapandisha ishirini. Meza ikaongezwa meza, ikatoka mlangoni, ikafika barazani. Mzee Galahenga kila alipoanza kusema, "Jamani, mimi nilitaka mbuzi," majenerali wake walimkanyaga mguu chini ya meza, wakasema Mwenyekiti anamaanisha nusu ya baraza la mawaziri.

Kufikia mwaka wa tatu mpishi wa kambi alikuwa jenerali, mpiga tarumbeta alikuwa jenerali, na yule mfungwa aliyekuwa akifagia uwanja wa gwaride alikuwa brigedia anayesubiri msamaha. Kwa upande wa Serikali walitimia mia sita. Waasi walikuwa mia sita na mmoja, jambo lililomkosesha usingizi Mkuu wa Majeshi.

Mipawa peke yake hakupandishwa. Si kwamba alikuwa mvivu. Sherehe ya kumpandisha mtu cheo inahitaji mtu wa kumpigia saluti, na bila saluti cheo hakishiki. Mkuu wa Majeshi alimwita ofisini, akamweleza kwa upole wa baba.

"Kijana, wewe ndiye nguzo yetu. Tukikupandisha na wewe, sisi wengine tutakuwa tumepanda juu ya nani?"

"Ndiyo, afande," Mipawa akasema, akapiga saluti. Siku hizo mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kuwa mnene kuliko wa kushoto.

Upande wa pili, kwa sababu hiyo hiyo, alibaki Chogero.

*

Ukubwa wa majeshi, bila shaka, ulikuwa siri kubwa. Kwa hiyo ulitangazwa redioni kila jioni. Serikali ilisema ina askari elfu arobaini. Redio ya waasi ikajibu kwamba wao wana elfu arobaini na mmoja. Serikali ikasema ilikuwa haijahesabu walio likizo.

Kamati ya Majirani Wema ikaomba kuwaona kwa macho. Mkuu wa Majeshi akawaleta wajumbe mpaka juu ya kilima, akawaonyesha kijito kwa fimbo yake. Mipawa alikuwa amesimama kichakani, peke yake, anakula muhindi.

"Huyo ni sehemu tu ya jeshi," Mkuu wa Majeshi akasema.

"Na wengine wako wapi?" akauliza mjumbe.

"Wamejificha. Tumewafunza kujificha mpaka sisi wenyewe huwa tunapata shida."

Wajumbe wakatazama vichaka kwa muda mrefu, wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Walivuka bondeni wakaonyeshwa Chogero, na taarifa yao ikasema kwamba majeshi yote mawili yana kiwango cha juu kabisa cha kujificha. Baada ya hapo hakuna jirani aliyethubutu kuingilia.

*

Kila asubuhi Mipawa alikunywa uji kwa mama yake, Bi Mbula, akachukua bunduki, akateremka kijitoni, na hapo ndipo ulipokuwa mstari wa mbele. Chogero naye alifika upande wake. Kila mmoja alipiga risasi moja hewani ili wakubwa wao wasikie kwamba vita bado vipo, kisha wakaanza kazi.

"We mtumwa wangu!" Mipawa aliita. "Umeamka? Nilidhani vyura wa bondeni wamekwisha kukuoa!"

"Nimeamka, bwana wa nyani! Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nakupikia magugu, ndicho chakula chenu!"

Walitukanana hivyo mpaka jua likawa kali, kisha kila mmoja alitafuta kivuli, wakarushiana mihogo ya kuchoma juu ya maji. Jioni redio ilisema mapigano makali yametokea na majeshi yetu yamesimama imara. Siku Mipawa alipopata malaria, ilisema majeshi yetu yamerudi nyuma kimkakati ili kujipanga upya. Siku alipoumwa jino, ilikiri kwamba sehemu ya mbele ya majeshi yetu imepata madhara madogo.

Kwa hiyo vita kama vita havikumsumbua Mipawa. Kilichomsumbua ni mbuzi.

Unajua, kila jenerali alipopandishwa cheo alichinjiwa mbuzi, na kwa mwendo ule wa kupandishana, mbuzi walianza kwisha milimani hata kabla ya askari kwisha. Bondeni nako hali ikawa ile ile. Mwaka wa nne ulipoingia, nchi nzima ilikuwa na majenerali elfu moja mia mbili na kitu, na milimani kote alibaki mbuzi mmoja, jike jeusi lenye doa jeupe pajani, mali ya Bi Mbula. Alimpa jina Siuzwi.

Bi Mbula alikuwa mwembamba, mkali, na mchoyo wa togwa kwa kiwango kilichojulikana pande zote mbili za kijito. Siku alipozikwa mama wa Rais alikuwapo, amesimama na wanawake, na hakuisahau siku ile.

"Mwanangu," alimwambia Mipawa, "yule mama alifukiwa kama watu wanavyofukia shimo la choo. Hakuna aliyemcheka, hakuna aliyesema alikuwa na mdomo, na mdomo alikuwa nao. Mimi usinifanyie hivyo. Siuzwi ni wa mtani wangu. Nikifa, mtani akiingia kaburini, usiniaibishe."

"Mama, mbona unajitabiria?"

"Sijitabirii. Nakuagiza."

Tatizo ni kwamba mpishi wa zamani, sasa Jenerali Ngulumbi, alikuwa ameteuliwa kuongoza Operesheni Kitoweo, na pua yake ilikuwa bado ya mpishi. Siku moja alifika nyumbani kwa Bi Mbula ghafla. Bi Mbula alimwona akipanda kilima. Akamlaza Siuzwi kitandani, akamfunika khanga mbili na kumfunga kilemba.

"Nasikia harufu ya mbuzi," Jenerali akasema mlangoni.

"Ni mimi, baba. Uzee."

Jenerali akaingia mpaka chumbani. "Na huyu?"

"Dada yangu mkubwa. Homa imemwangusha tangu juzi."

Jenerali Ngulumbi alilelewa vizuri. Alivua kofia, akainama. "Shikamoo, mama."

Siuzwi akajibu kwa namna yake.

"Sauti imekauka kabisa," Jenerali akasema kwa huruma. "Mpeni tangawizi." Akatoka akinyata, na kesho yake alirudi na tangawizi yeye mwenyewe.

Tangu hapo Bi Mbula alimpeleka Siuzwi kulisha kijitoni, mstari wa mbele. Alisema katika nchi hii hakuna mahali salama kama pale, maana hakuna jenerali aliyewahi kufika. Ilikuwa kweli. Siuzwi alikula majani ya pande zote mbili bila kuulizwa, na kuna asubuhi moja beberu wa mwisho wa bondeni, aliyekuwa ameponyoka kwenye sherehe ya kumpandisha jenerali wa waasi, alivuka maji akakaa naye mpaka adhuhuri. Walinzi wawili wa nchi walitazama pembeni.

*

Masika yalipoanza, Bi Mbula akaugua. Alilala siku chache, akagombana na kila aliyekuja kumwona, na asubuhi moja Mipawa alipompelekea uji alikuta mkono wake umepoa. Alikaa chini kando ya kitanda. Alikuwa ameshika bunduki miaka minne na hajawahi kuona mtu aliyekufa, na wa kwanza akawa mama yake. Ilimuuma mpaka akashindwa hata kulia.

Habari zilifika Makao Makuu upesi. Dakta Fungameza akaona fursa. Bi Mbula, alisema, ndiye aliyelizaa jeshi zima la Serikali, na kwa hiyo ni Mama wa Majeshi. Azikwe Jumamosi kwa heshima zote, na majenerali mia sita wapite mbele ya jeneza. Utani utakuwa marufuku, kwa mujibu wa Sheria ya Kuzuia Kejeli Makaburini. Jenerali Ngulumbi akaongeza kwamba mazishi makubwa kiasi hicho hayawezi kukosa kitoweo, na kwamba yeye, kwa namna fulani, bado anasikia ile harufu.

Aliyetumwa kumweleza Mipawa alikuwa brigedia. Mipawa alimsikiliza, akampigia saluti, akashuka kijitoni bila bunduki.

Chogero alikuwa amekwisha kupiga risasi yake. "Umechelewa, we nyani!" aliita. Mipawa akatazama maji. "Oyaa! Leo mbona hunitukani? Umeokoka?"

"Mama amefariki," Mipawa akasema.

Chogero akavua kofia. Machozi yakamtoka, maana mihogo mingi aliyokula miaka ile ilikuwa imechomwa na mama huyo. Halafu akajifuta uso kwa kofia, akaivaa tena.

"Kumbe," akasema. "Na ile togwa yake nani ataifungia kabatini sasa? Au kaondoka na ufunguo?"

Mipawa akacheka. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, na nyuma yake kilio, vyote pamoja, akakaa kwenye matope akilia na kucheka. Chogero akavua viatu, akavuka kijito.

*

Juu ya kilima palikuwa na jenerali wa zamu mwenye darubini. Aliona adui akivuka. Kwa kuwa adui aliyevuka alikuwa ndiye jeshi lote la waasi, taarifa aliyoituma haikuwa na chumvi hata kidogo: majeshi yote ya waasi yameingia nchini. Majenerali mia sita wakarudi nyuma kimkakati mpaka hoteli ya mjini, wakaagiza chai. Ndiyo maana Bi Mbula alizikwa siku ile ile, kwa utulivu, na majirani zake.

Chogero alichimba kaburi mwenyewe. Alijifunga khanga ya marehemu, akatembea mwendo wake ule wa kuinua bega, akanusa vikombe vya watu kuona nani kanywa togwa bila ruhusa. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Kisha, kabla maiti hajateremshwa, akaruka shimoni, akalala chali.

"Hapa pamepoa! Sitoki! Bibi aliishi kibahili, leo anataka shimo zima peke yake? Naomba mbuzi!"

Mipawa akaenda chumbani kwa mama yake, akamfungua Siuzwi, akamleta ukingoni mwa kaburi kwa kamba. Watu hawakuwa wameona mbuzi kwa muda mrefu. Mzee mmoja alivua kofia.

Hapo ndipo msafara wa Rais ulipofika.

Utashangaa amekujaje. Redio ya waasi ilikuwa imetangaza kwamba majeshi yao yamevuka kijito na kushika handaki muhimu. Redio ya Serikali ikajibu kwamba majeshi yote ya waasi yamezingirwa ndani ya handaki hilo na sasa yanasubiri kujisalimisha. Rais aliiamini redio yake, akaja kupokea. Nyuma yake waliteremka Dakta Fungameza, waandishi wa habari, na majenerali walioona kuwa sasa ni salama.

Rais alisogea mpaka ukingoni, akachungulia. Chogero, kutoka chini, akamtambua. Rais alikuwa Mbanju, na Chogero alikuwa Msero, na kaburi lilikuwa kaburi.

"Karibu, mtumwa wangu mkubwa!" akasema. "Sogea nikuone. Yaani kitambi chote hicho na mama yako bado ana njaa? Mwanamume mzima, mwaka wa nne unamkimbia mbuzi! Hata nyani wenu wanakusema!"

Watu wote wakaacha kupumua. Kona za mdomo wa Rais zilianza kucheza. Mashavu yakapanda. Kitu fulani kikaanza kumtikisa kutoka tumboni, kikapanda kifuani, kikafika kooni, na Mipawa, aliyekuwa karibu, aliona kabisa kwamba kinakuja.

Dakta Fungameza akamwinamia sikioni.

Kile kitu kikageuka kikohozi.

"Mheshimiwa ana mafua," Dakta akawatangazia waandishi, wakaandika. "Mkamateni huyo."

Majenerali wakatazamana. Kila mmoja alimtazama aliye chini yake, na aliyekuwa chini ya wote akamtazama Mipawa.

"Afande," Mipawa akasema, "mimi nina msiba."

Kanuni za jeshi ziko wazi kuhusu jambo hilo. Askari aliyefiwa na mzazi ana likizo. Walishauriana kidogo, wakaona jeshi haliwezi kuvunja kanuni zake, na Chogero hakukamatwa.

Kabla ya kupanda gari Rais aliinama, akachota udongo, akautupa kaburini kama watu wanavyofanya. Mipawa akamhurumia. Alijishangaa kwamba mtu wa chini namna ile anaweza kumhurumia Amiri Jeshi Mkuu, lakini alimhurumia kwelikweli, kwa sababu yeye alikuwa amekwisha kucheka na kulia, na yule mwenziwe hajafanya hata moja.

*

Katika vita vile vya handaki, kila upande ulishinda. Serikali ilitangaza kwamba adui amefukuzwa kutoka handakini. Waasi wakatangaza kwamba majeshi yao yameondoka handakini na nyara. Ushindi mkubwa hauwezi kupita bila vyeo. Mipawa akapandishwa kuwa brigedia jenerali, na jioni ile ile Chogero naye akawa brigedia jenerali wa waasi.

Asubuhi iliyofuata hakuna mtu aliyeshuka kijitoni. Majenerali wa mlimani walingoja aende mtu. Majenerali wa bondeni nao walingoja. Walitazamana kwa darubini mpaka saa ya chakula, na redio zote mbili zikaripoti mapigano makali.

Siuzwi hakuchinjwa. Chogero alimpapasa tumbo alipofika naye kwake, akaweka kisu chini. Wiki chache baadaye alizaa mapacha, na Chogero akampelekea habari mtani wake, aje.

"Mmoja ni wangu," Chogero alisema, akimwonyesha vitoto viwili kwenye majani. "Cha mtani hakirudishwi, hilo unalijua. Lakini huyu mwingine mpelekee yule wa mafua, awe na cha kumtolea mtani wake."

"Nimpelekee Rais? Mbuzi wa waasi?"

"Atapewa na nani mwingine? Mmekwisha kula wote, walafi nyie."

Mipawa alimficha yule mtoto wa mbuzi ndani ya koti lake jipya la brigedia. Langoni Ikulu walinzi walimpigia saluti, wala hakuna aliyeuliza kwa nini kifua cha Brigedia Jenerali kinapiga kelele. Alimkuta Rais bustanini, peke yake. Alifungua vifungo, akamweka mbuzi kwenye nyasi, akaeleza ametumwa na nani.

Yule mbuzi alijaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena.

"Atachukua muda gani kukua?" Rais akauliza.

"Akipata majani, Mheshimiwa, kama mwaka hivi."

"Na vita?"

"Vita, Mheshimiwa, kwa sasa havina mtu."

Rais akaitikia kwa kichwa. Akauliza pole pole, kama mtu anayeuliza njia, kama mazishi ya mama yake Mipawa yalikwenda vizuri. Mipawa akasema yalikwenda vizuri sana, walimsema mpaka basi. "Ana bahati," Rais akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka kuliko ya Siuzwi siku ile ya tangawizi.

Tangu hapo Mipawa alipeleka majani Ikulu kila asubuhi, kwa mlango wa nyuma. Haukupita muda watu waendao sokoni wakaanza kusema kwamba wanasikia mbuzi akilia nyuma ya ukuta. Serikali ikakanusha. Watu wakazidi kusema, na Dakta Fungameza akaamua kukanusha mwenyewe, redioni, moja kwa moja kutoka Ikulu. Alisema kwa ufasaha kwamba ndani ya eneo hilo hakuna, hajawahi kuwapo na wala hatakuwapo mbuzi wa aina yoyote, na alipotua kuvuta pumzi, mbuzi akalia dirishani. Alilia mara tatu, kwa afya kabisa.

Nchi nzima ilisikia, na bonde zima. Chogero alikuwa kwa Mzee Galahenga jioni hiyo, wakisikiliza redio pamoja na majenerali, na ndiye aliyemsimulia Mipawa. Anasema mzee alisogeza sikio. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu, mpaka majenerali wake wakatazamana wasijue wamkanyage mguu upi. Alipomaliza akajifuta macho, akainuka, akavaa viatu vyake vya msibani, akauliza nani ana kamba.